Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Lile Sanduku

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi sana. Ama baada ya salamu, mimi huku Plzeň, Ucheki, sijambo, ila baridi imeanza kunisumbua viungo. Umeniuliza, siku nikishindwa kusimama nyuma ya jukwaa, lile sanduku la vikaragosi, wale wanasesere wangu wa mbao wa kuchezeshwa kwa nyuzi, mlifanye nini. Nasikia kaka yako kashapata jibu: wauziwe wenye maduka ya watalii Praha. Mwambie aache.

Unajua nililetwa Chekoslovakia kusomea mitambo. Vikaragosi vilinipata Jumapili moja ya theluji, nilipoingia ukumbini kutafuta joto tu. Jukwaani alikuwepo Spejbl, kikaragosi cha mzee mwenye masikio makubwa, kavaa koti la sherehe na viatu vya mbao, anabishana na mwanawe Hurvínek. Mtoto anauliza, baba hajui, na kukubali kuwa hajui hataki. Kicheki changu wakati ule kilikuwa cha kununulia mkate, lakini nilicheka hadi machozi. Mzee yule nilishamwona Tanga, kila baraza linaye.

Wote wawili ni kazi ya Josef Skupa, mchezesha vikaragosi wa hapahapa Plzeň. Spejbl alianza 1920, Hurvínek akafuata 1926, na sauti zote mbili, nzito ya baba na nyembamba ya mtoto, alizitoa Skupa mwenyewe. Wanazi walimkamata 1944 wakamfunga Dresden, Ujerumani. Mji ulipopigwa mabomu Februari 1945, gereza likashika moto naye akatoroka. Mwaka huohuo akafungua ukumbi Praha. Uzeeni alimkabidhi Miloš Kirschner sauti zote mbili, na baada ya Kirschner akazipokea Martin Klásek. Hapo ndipo ninapotaka unielewe, mwanangu. Kikaragosi kikiungua utachonga kingine. Mti wa lípa tunaochongea haujaisha, nao ni laini, haupasuki ovyo. Sauti na mwendo je, utavichonga kwa patasi gani?

Chukua yule shetani mwekundu uliyekuwa ukimwogopa. Uzito wake wote unabebwa na waya mnene wa kichwani; nyuzi za mikono na magoti zimefungwa kwenye kishikio cha juu. Asiyejua atavuta nyuzi za magoti, na shetani atarukaruka ovyo. Anayejua anainamisha kishikio upande mmoja tu, goti linapanda lenyewe, unyayo unatua, ndipo kiwiliwili kinafuata. Unyayo ukielea juu ya sakafu hata unene wa kidole, watoto wa mstari wa mbele wameshaona, na hawana adabu ya kunyamaza. Haya hayakuandikwa popote nilipojifunzia mimi. Mzee wangu wa kazi alinishika kiganja, akakizungusha, mpaka kikazoea.

Makumbusho ya vikaragosi ya mji wa Chrudim nayaheshimu, yamelinda mengi tangu 1972. UNESCO nayo 2016 iliingiza sanaa hii ya Slovakia na Ucheki kwenye orodha ya urithi wa binadamu, tukafurahi kweli. Lakini Matěj Kopecký, aliyefariki 1847, alizunguka vijijini na vikaragosi vyake akiigiza kwa Kicheki, wakati ofisini kinasemwa Kijerumani, na wanawe wakaishika kazi. Ukoo wake haukungoja cheti.

Kwa hiyo sitaki kabati la vioo, sitaki duka. Njoo kiangazi, wakati wa tamasha la Chrudim, na umlete mjukuu wangu. Nitamwanzisha na Kašpárek, yule mchekeshaji, kwa kuwa ni mwepesi mkononi. Nyuzi nimeshabadilisha zote nikaweka nyeusi. Mishipi ya kuvulia samaki uliyonitumia ni imara, ila inang'aa kwenye taa. Nauli nitatoa nusu. Nusu nyingine mwombe kaka yako, badala ya kunitafutia wateja.

Wasalimie wote.

Baba yako