Kamba mkubwa si lazima awe mzee

Wateja wetu wengi, wakiona kilo moja ina kamba wakubwa na nyingine wadogo, bei zimepishana, huuliza: hawa wadogo ni watoto? Wakati mwingine ndiyo, wakati mwingine ni madume tu. Jike la kamba mweupe humzidi dume kwa ukubwa hata kama walizaliwa pamoja.

Umri wa kamba ni mgumu kuusoma. Samaki ana kijiwe ndani ya sikio chenye mistari ya ukuaji. Kamba hukua kwa kujivua ganda, na alama zake nyingi huenda na ganda hilo. Mwaka 2012 Raouf Kilada na wenzake huko Kanada walieleza mistari waliyoiona kwenye kikonyo cha jicho cha kamba wa bahari zenye baridi. Lakini kwa kamba wetu, anayeishi mwaka mmoja au miwili hivi, wataalamu bado hutegemea zaidi urefu.

Hupima ganda la kichwa, kuanzia nyuma ya tundu la jicho hadi ukingo wa nyuma, katikati ya mgongo. Ule mwiba wa mbele hauhesabiwi, kwani hukatika ovyo wavuni. Wakishapima mamia, hutokea kundi la urefu unaokaribiana, yaani waliozaliwa msimu mmoja. Mwezi unaofuata kundi lile limesogea mbele, na hapo ndipo kasi ya kukua inapojulikana. Majike na madume hupimwa mbalimbali.

Hili linatugusa sana sisi wauzaji. Kamba mweupe hutaga baharini, vitoto vikaingia kwenye mikoko, kama ile ya delta ya Rufiji, vikakulia humo miezi michache kabla ya kurudi baharini kupevuka na kutaga. Anayevuliwa kwenye vijito vya mikoko kwa wavu wa matundu madogo hajazaa hata mara moja. Huyo hatumnunui, hata akiletwa kwa bei ya kutupa, na ndiyo maana kuna wiki friza letu halina kamba wadogo wa bei nafuu.

Jambo la mwisho ni kamba laini. Aliyetoka kujivua ganda hufyonza maji ili atanuke, kwa hiyo mizani inasoma maji, nyama kidogo. Mbonyeze kwa kidole gumba nyuma ya kichwa. Ganda likibonyea, mrudishe dukani siku hiyohiyo tukubadilishie.