Barua ya malalamiko: jibu la kaswende kwa mgonjwa wa lupasi

Meneja wa Maabara,
Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAJIBU YA KIPIMO CHA KASWENDE

Ndugu Meneja,

Nina lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, na fomu niliyowaletea kutoka kliniki ya wajawazito ilieleza hivyo. Hata hivyo cheti cha majibu kiliandikwa maneno mawili tu: "Kaswende: Chanya." Hakikutaja aina ya kipimo, wala kiwango, wala kwamba jibu linahitaji kuthibitishwa. Mfanyakazi wenu alimkabidhi mume wangu pale mapokezi, akakisoma kabla yangu. Yaliyofuata nyumbani sitayaandika hapa, ila yalikuwa mazito.

Kipimo kilikuwa RPR. Hiki hakimtafuti bakteria wa kaswende. Kinapima kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, zinazonasa kadiolipini, aina ya mafuta ambayo tangu zamani yalitolewa kwenye moyo wa ng'ombe. Mwenye lupasi anaweza kuwa na kingamwili hizo bila kuwahi kuugua kaswende maishani mwake. Si jambo geni: vigezo vya kutambua lupasi vilivyotolewa Marekani mwaka 1982 vilihesabu jibu chanya la uongo la kaswende, lililodumu angalau miezi 6, miongoni mwa alama za ugonjwa huo. Wataalamu wenu walisomea haya.

Hospitali walirudia kwa TPHA, kinachopima kingamwili dhidi ya bakteria mwenyewe. Hasi.

Linaloniuma zaidi ni kwamba jibu lenu lilikuwa na habari ya maana, mkaifunika kwa jina lisilo lake. Kingamwili za namna hiyo zinaweza kugandisha damu na kuharibu mimba. Mngeandika "RPR chanya, mgonjwa ana lupasi, ithibitishwe", daktari angelifikiria hilo siku ile ile. Badala yake nilichomwa sindano za penisilini, na uchunguzi wa damu kuganda ukachelewa, nikiwa mjamzito!

Naomba cheti kilichosahihishwa, chenye jina la kipimo na kiwango chake, pamoja na barua ya maelezo kwangu na kwa mume wangu. Vilevile RPR isiitwe kaswende kabla ya TPHA kufanyika, hasa pale fomu inapotaja lupasi, na gharama ya kurudia asibebeshwe mgonjwa. Majibu apewe mwenyewe, faraghani.

Nategemea jibu lenu kwa maandishi ndani ya siku 14. Likikosekana, nitapeleka nakala ya barua hii na vyeti vyote viwili Wizara ya Afya.

Wenu,
Mteja wenu