Bango la Chanjo Ambalo Mgonjwa Atalisoma Kweli

Madaktari wengi wanaotuagiza mabango ya chumba cha kusubiri huanza kwa kututumia kurasa tatu za maelezo: chanjo ni nini, inafanyaje kazi, inazuia magonjwa gani. Sisi huwauliza jambo moja tu: mgonjwa akiitwa ndani, mngependa amwulize daktari nini?

Aliyekaa pale kichwa kinamgonga, au amepakata mtoto anayelia, na sikio lake liko mapokezi asije akapitwa na jina lake. Huyo atasoma mstari mmoja mkubwa, basi. "Mara ya mwisho ulichanjwa pepopunda lini?" humshtua mtu mzima, kwani wengi hudhani chanjo ni mambo ya watoto, ilhali nchi kadhaa hushauri hiyo irudiwe kila baada ya miaka 10.

Kazi ngumu zaidi ni hofu. Kuandika "chanjo ni salama" hakumtulizi aliyeambiwa na jirani kwamba sindano ya homa ya mafua ndiyo inayoleta mafua. Mjibu palepale: sindano hiyo haina virusi hai, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza. Mkono unaweza kuuma na homa ndogo ikaja, kisha hupita. Kinga nayo huchukua kama wiki 2 kujengeka, ndiyo maana kuna anayeambukizwa kwingine siku ya tatu akailaumu sindano. Madhara madogo tunayataja waziwazi. Ukiyaficha, jirani atayasimulia kwa chumvi.

Surua tunaipa bango lake, na linahusu chumba hichohicho: virusi vyake huweza kubaki hewani kwa muda wa hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Chini yake tunaandika kwamba dozi 2 hukinga takriban watu 97 kati ya 100. Picha za watoto wenye vipele hatuweki, hata tukiombwa.

Video zetu hazina sauti, zina maandishi tu. Chumba kina kelele za kutosha.

Kabla ya kuchapa tutataka kujua chanjo gani mnazo, zinatolewa siku zipi, na kama mhudumu wa mapokezi ameshaelezwa, kwa sababu yeye ndiye ataulizwa kwanza. Ukituandikia, ambatisha picha ya chumba iliyopigwa ukiwa umeketi kiti cha nyuma kabisa. Ukubwa wa herufi tunaupima kutokea hapo.