Nyanya ya Julai mtanisamehe

Kwa Mhariri,

Kuna msomaji wako aliandika majuzi ati hizi mboga za kilimo hai ni za watu wenye pesa na tena ukifika nyumbani unapata zimetobolewatobolewa na wadudu, mimi nikacheka kwanza halafu nikakasirika kidogo, maanake mimi ni mmoja wa hao wanaouza mboga za matundu na hiyo pesa yenyewe siioni. Niko Bahati, ukipanda kutoka Nakuru mjini, nina robo tatu ya ekari na mume wangu na dawa ya duka hatujaweka tangu 2016.

La matundu nakubali. Lakini kwanza angeuliza ni mwezi gani alinunua. Huku kwetu mvua haiji mara mbili kama kwingine, inakuja mara tatu: Aprili na Mei, inarudi Agosti, halafu ile ya Novemba. Januari na Februari ni jua na vumbi, na hapo ndipo vidukari wanakuja kwa sukuma. Geuza jani uone, wamekaa kwa ule mshipa wa katikati kama unga wa kijivu mtu amemwaga, ukipitisha kidole gumba kinatoka kijani na kinanata. Wenye dawa wananyunyiza leo na kesho kutwa wako sokoni na mboga zinang'aa. Mimi nachanganya maji ya sabuni na majivu, naenda laini kwa laini nikigeuza majani, asubuhi moja inaisha hivyo, na baada ya kama wiki mbili wale wadudu wekundu wa madoa meusi wanatokea wenyewe wanakula vidukari kuliko hata mimi ninavyoweza kuua. Shida ni hizo wiki mbili. Mteja hangoji wiki mbili.

Sasa nisimulie ya hoteli. Hoteli moja mjini, jina sitaji, mpishi wao alikuja mwenyewe shambani akaonja spinachi ikiwa bado imesimama akasema leta kila Jumanne, tukafurahi sana, nikaotesha laini tano zaidi kwa sababu yao tu. Ilipofika Julai wakasema wanataka na nyanya, kreti mbili kwa wiki, tena za kilimo hai juu wageni wao wanauliza. Nyanya Bahati mwezi wa Julai! Ukungu unashuka usiku na hadi saa tano asubuhi majani bado yana maji, na hiyo ndiyo blaiti, ule ugonjwa wa kuoza majani, inapenda. Jumatatu unaona doa moja la kahawia kwa jani, kama mtu amedondosha chai, Alhamisi kipande chote kimekuwa kama kimemwagiwa maji moto. Mwenye kunyunyiza kila wiki ataokoa kitu. Mimi bila hiyo siwezi, kwa hivyo Juni mpaka Agosti sipandi nyanya nje kabisa, nikawaambia hivyo kwa heshima, wangoje jua lirudi. Jibu lilikuwa ati kama mimi ni mkulima kweli nitatafuta njia. Halafu wakakata na ile spinachi. Laini tano! Nyingine nikampa mama mboga wa pale steji kwa bei ya kutupa, iliyobaki ikaliwa na sungura, na sungura hawalipi.

Na kitu hawakujua ni kwamba baridi hiyo hiyo ya Julai ndiyo inaniletea plamu. Nina miti sita, mama mkwe alipanda kabla sijaolewa. Plamu isipopata baridi inakaa tu na majani haitoi maua ya maana, lakini ikilala vizuri miezi hiyo, Agosti ikienda kuisha utaona mti hauna jani hata moja na umefunikwa maua meupe yote kwa mpigo, nyuki wanavuma hadi unawasikia ukiwa jikoni. Halafu unaanza kuomba Mungu mvua ya Agosti isije na mawe. Mwaka juzi ilikuja nayo, dakika kumi tu, chini pakawa peupe kwa barafu na maua pamoja, na mwaka huo mti mkubwa kabisa ulinipa ndoo moja. Mume wangu hakuongea hadi jioni.

Kuhusu bei pia huyo msomaji amekosea. Mei kila mtu Bahati ana sukuma, niliwahi kuambiwa gunia ni 400 na bodaboda pekee inataka 200, na broka hajali kama ulitumia samadi na dramu ya thabai, ule mmea wa kuwasha, iliyolowekwa hadi ikanuka jirani akalalamika, kwake sukuma ni sukuma. Nembo ya Kilimohai ya Afrika Mashariki iko tangu 2007, na wadogo kama sisi tunaweza kuipata kupitia kikundi, wakulima wanakaguana wenyewe shamba kwa shamba, lakini nembo ukibandika kwa gunia kule sokoni nani ataiangalia? Mbegu ndiyo angalau hatununui zote, kunde na managu tunaweka zetu. Na hapo niwashukuru wakulima wenzetu waliopeleka ile sheria ya mbegu kortini, maanake kuuziana tu mbegu zetu za kienyeji ilikuwa inaweza kukufunga, hadi 2025 Mahakama Kuu ikasimama nao.

Kwa hivyo msomaji mwenzangu, na wewe mpishi kama unasoma gazeti, mimi sitaki unihurumie wala uniongezee bei. Nataka tu kabla hujaweka oda upige simu uulize, mama, mwezi huu kuna nini? Hiyo tu. Kama ni Machi nitakwambia avokado zimeanza, kama ni Julai nitakwambia kabeji, karoti na spinachi utakula mpaka uchoke. Saa hii ninapoandika ni Novemba mwishoni, mvua imeosha vidukari wote na sukuma haina tundu ila za konokono, minji imeshika, dania iko, plamu zimeanza kuwa nyekundu upande ule unaoangalia jua na ndege wa mkia mrefu washazigundua, tumewafungia makopo matupu kwa kamba lakini wanayazoea. Nyanya ziko maua.

Mama Plamu,
Bahati, Nakuru