Nembo ya Taifa isibadilishwe na brashi ya fundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie Nembo ya Taifa, ile ambayo wengi wetu tumezoea kuiita Bibi na Bwana, na namna inavyochorwa siku hizi kwenye kuta, mabango na mihuri ya ofisi za umma. Nimechora mabango hapa mjini Tabora kwa zaidi ya miaka 30, na nembo hii nimeichora mara nyingi kuliko picha nyingine yoyote, hivyo ninayoyasema nayasema kwa uchungu wa mtu anayeijua kazi yenyewe.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mjukuu wangu kwenye ofisi moja kufuatilia cheti chake cha kuzaliwa. Tukiwa kwenye benchi tukisubiri kuitwa, aliutazama ukuta kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Babu, mbona Bibi na Bwana wameshika ndizi?" Niliinua macho nikaona kwamba mtoto hakukosea. Pembe za ndovu zilikuwa zimepakwa njano iliyokoza, fupi na nene, na mikono ya wale watu wawili haikuzigusa hata kidogo. Mkarafuu, ambao mahali pake ni miguuni pa mwanamume, ulikuwa umehamia kwa mwanamke, na mpamba umepelekwa kwa mwanamume. Mawimbi ya chini ya ngao yalikuwa mistari iliyonyooka kama ya daftari, na kwenye utepe wa "Uhuru na Umoja" herufi ya mwisho haikuwepo, kwa sababu fundi aliishiwa nafasi. Mbele ya picha hiyo wananchi wanakula viapo na hati zao zinagongwa muhuri.

Nilimjibu, "Mjukuu wangu, hizo ni pembe za ndovu," na hapo hapo nikajiuliza ni mji gani unaopaswa kuzijua pembe hizo kuliko Tabora. Katika karne ya 19 misafara iliyokwenda kati ya Ujiji na Bagamoyo ilipumzika hapa, wakati wasafiri wa Kizungu wakipaita Kazeh, na wapagazi wa Kinyamwezi walizibeba pembe mabegani kwa miezi mpaka zikafika pwani kuwatajirisha watu wengine. Katika nembo, pembe hizo zimeshushwa begani. Zinaikumbatia ngao kutoka pande mbili, na mwanamume na mwanamke waliosimama wima wanazishika kwa mkono kama mali yao. Hayo siyo maelezo ya kitabu cha Serikali, ni jinsi ninavyoiona mimi, mjukuu wa mpagazi, kila ninapozipaka rangi pembe zile. Ndiyo maana ndizi za ukuta ule ziliniumiza.

Wakati wa Waingereza alama ya Tanganyika ilikuwa kichwa cha twiga ndani ya duara jeupe, kwenye bendera nyekundu ya kikoloni. Twiga ni mnyama mzuri, lakini katika alama ile hapakuwa na mtu, wala kazi ya mtu. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 ilikuja ngao ya shujaa, na baada ya Muungano wa mwaka 1964 bendera ya Tanganyika iliyokuwa ndani ya ngao hiyo ilipisha bendera ya Jamhuri ya Muungano. Sehemu ya juu ni ya dhahabu, kwa ajili ya madini yetu, na ndani yake unawaka Mwenge. Mlima wanaosimama juu yake Bibi na Bwana ni Kilimanjaro, ule ule ambao Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha Mwenge kileleni mwake usiku wa Uhuru, kwa hiyo fundi anayechora kichuguu chini ya miguu yao amefuta habari nzima. Nyekundu ni udongo wenye rutuba, na juu yake zimepishana zana mbili za kazi, jembe na shoka, pamoja na mkuki wa kulinda tulichokipata. Mawimbi ni bahari na maziwa yetu. Hata neno "Uhuru" kwenye utepe lina njia iliyopita hapa kwetu, maana ni katika mkutano wa TANU uliofanyika Tabora mwaka 1958 ambapo Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe waukubali uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja.

Wapo watakaosema kwamba ni picha tu, na mwenye hati anachohitaji ni hati yake. Siafikiani nao. Nembo hii ndiyo iliyo kwenye jalada la pasipoti na ndiyo inayokaa kwenye barua za Ikulu, na mtu wa kijijini anaitambua karatasi ya Serikali kwa kuiona, hata kama hajasoma mstari mmoja wa maandishi yake. Ikiwa kila ofisi ina Bibi na Bwana wa kwake, mwenye muhuri wa kughushi naye atapata pa kujificha.

Wenzetu wa Marekani nao waliwahi kuibadilisha alama ya ofisi yao kubwa kabisa. Tai aliye kwenye muhuri wa Rais, aliyeshika mishale kwa mguu mmoja na tawi la mzeituni, alama ya amani, kwa mguu mwingine, alikuwa akiitazama mishale, na tarehe 25 Oktoba 1945 Rais Harry Truman alitoa amri ya maandishi iliyokigeuza kichwa chake kilielekee tawi la mzeituni, huku nyota 48 zikiizunguka picha. Alaska na Hawaii zilipoingia katika shirikisho lao, nyota ziliongezwa mwaka 1959 na 1960, mara zote mbili kwa amri ya Rais. Kichwa cha ndege mmoja kilihitaji saini ya mkuu wa nchi. Sisi tunayo Sheria ya Nembo za Taifa, na bado kwenye kuta zetu mazao yanahamishwa kutoka mguu huu kwenda ule bila mtu yeyote kuulizwa.

Siwalaumu mafundi vijana peke yao. Mimi nilifundishwa kuichora kwa miraba: unapiga mistari ukutani kwa uzi uliopakwa chaki, unaigawa picha ndogo kwa idadi ile ile ya miraba, unaanza na ngao, na watu unawaweka mwishoni, vidole vikiwa vimekwisha kupimwa juu ya pembe. Kijana wa leo anapewa kipande cha barua kilichotolewa fotokopi mara tano, ambacho Mwenge umekuwa doa jeusi, kisha anaambiwa amalize kabla mgeni hajafika. Fundi wa mihuri ya mpira ana shida kubwa zaidi, kwa kuwa lazima aibane picha yote ndani ya duara dogo.

Ninachoomba ni kwamba kila ofisi ya umma mkoani iwe na picha moja safi ya rangi iliyoidhinishwa, pamoja na maelezo ya kila sehemu kwa Kiswahili, na fundi yeyote asianze kazi kabla hajakabidhiwa. Na kazi ikikamilika, afisa asimame karibu na ukuta na kuilinganisha na picha hiyo kabla ya kulipa. Ofisi ile niliyokwenda na mjukuu wangu nimeiandikia barua kwamba niko tayari kuichora upya nembo yao bila malipo, wakinipa picha hiyo na rangi.

Ni mimi mchora mabango,
Ng'ambo, Tabora.