Tiki nyekundu kwenye swali la Maji Maji

Ndugu Mhariri,

Juzi nilikuwa nikipitia daftari la historia la mjukuu wangu wa darasa la sita. Swali: "Kwa nini Vita vya Maji Maji vilishindwa?" Jibu lake la kwanza: "Ushirikina." Pembeni tiki nyekundu, kubwa. Sina ubavu wa kumlaumu mwalimu wake, maana nilifundisha somo hilo miaka mingi na tiki kama hizo nimezigawa mwenyewe.

Lakini hebu tuitazame 1905, vita vilipoanza huku kwetu kusini. Wamatumbi hawakuwa na mfalme, na Wangindo vilevile. Kila kijiji na wazee wake. Mjerumani akawatawala kwa maakida na majumbe, watumishi wake wa vijijini, akawalimisha pamba kwa viboko huku mashamba yao wenyewe yakiota magugu. Nani angewaita watu wa namna hiyo wakaitika pamoja? Si chifu, si jemadari. Aliyewaita ni Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mtu aliyepandwa na pepo Hongo. Watu wakamiminika kwake kufuata dawa, yaani maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi, na habari zikasafiri kwa kunong'onezana, akida asisikie. Wamatumbi waliuita mnong'ono huo njwiywila. Aliyeipokea dawa alikuwa amekwisha kula yamini na watu asiowajua, wa kabila jingine, ng'ambo ya mto asiowahi kuuvuka. Kwangu mimi hicho kilikuwa chama, ila hakikuwa na kadi.

Tena Kinjikitile aliwaambia wasubiri. Wamatumbi ndio waliochoka. Julai, huko Nandete, wakang'oa miche michache ya pamba, na vita vikawa vimetangazwa. Tarehe 4 Agosti Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile huko Mohoro. Ingekuwa ni uganga wa mtu mmoja, mambo yangekwisha siku hiyo. Badala yake moto ukashika Liwale, Mahenge, hadi Ungoni, ukazimika 1907.

Sikatai, maji hayakuzuia risasi. Pale Mahenge, tarehe 30 Agosti, bombomu, yaani bunduki za rashasha, ziliwafyeka watu mchana kweupe. Baadaye Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wanahistoria wetu wanataja vifo hadi 300,000. Jibu la kwanza la swali lile, basi, ni bombomu na kiberiti.

Mwalimu Nyerere aliposimama Umoja wa Mataifa mwaka 1956, alisema watu wale hawakusukumwa na kiapo cha kishirikina, bali na wito wa nafsi. Akaongeza kuwa vita vile viliwafunza watu kwamba nguvu haimwondoi mtawala. Ndiyo maana TANU, chama chake cha kudai uhuru, ikashika njia nyingine. Namuelewa: alikuwa mbele ya wazungu waliokuwa wakitafuta sababu ya kutucheka. Ila hapo kwenye kiapo naomba nitofautiane naye kidogo. Wito ulikuwapo, lakini uliwafikia watu kupitia kiapo kilekile. Ukiyatoa maji kwenye Maji Maji, unabaki na vijiji vilivyochukia pamba, kila kimoja peke yake.

Wanaotunga mitaala walitazame hilo.

Mjukuu ameniuliza aandike nini siku ya mtihani. Nimemwambia aandike ushirikina, apate alama zake.

Mwalimu mstaafu,
Kilwa