Kitabu chenye tarehe ya uongo

Rafiki yangu Rehema,

Salamu nyingi. Umeuliza dola kubwa linahangaikia nini lugha ya wakulima wasio na jeshi wala hazina. Mara nyingi, Rehema, anayeogopwa si mkulima mwenyewe, ni yule anayedhaniwa kumvuta. Tazama Walithuania chini ya Urusi.

Mwaka 1863 kulizuka uasi Poland na Lithuania. Ulipozimwa, wakuu wa Kirusi waliotawala kutoka mji wa Vilnius, kwanza Mikhail Muravyov, walipiga hesabu yao: mkulima huyu ni Mkatoliki, bwana wake anazungumza Kipolandi, na kitabu chake cha sala kimechapwa kwa herufi za Kilatini kama za Kipolandi. Badili herufi, kamba itakatika. Kwa hiyo Kilithuania chenyewe hakikupigwa marufuku. Kuanzia 1865 kilichokatazwa ni kukichapa kwa herufi za Kilatini. Serikali ikatoa vitabu vya Kilithuania kwa herufi za Kirusi, na shuleni kukafundishwa kwa Kirusi.

Waukraine walibanwa kwa hesabu nyingine. Sensa ya 1897 ilikuta watu wapatao milioni 125, na wenye Kirusi kwa lugha ya mama hawakufika nusu. Wajumlishe Waukraine na Wabelarusi kuwa ni Warusi, unapata theluthi mbili. Ndiyo maana hata kabla ya sensa hiyo, waraka wa Valuev, Waziri wa Mambo ya Ndani, wa 1863 ulishikilia kwamba Kiukraine si lugha ya peke yake. Kuwakubali kungelinyima dola wingi wake.

Turudi kwa Walithuania, maana huko mpango ulikwama vibaya. Vitabu vya serikali vilidoda. Machoni pa mkulima, sala kwa herufi za Kirusi ilinuka Uorthodoksi, Ukristo wa Warusi, na amri iliyokusudiwa kumtenga na Wapolandi ikamfanya ahisi dini yake inaibwa. Askofu Motiejus Valančius akapanga uchapaji ng'ambo ya mpaka, Prussia, hasa mjini Tilsit. Kutoka huko watu walioitwa knygnešiai, yaani wabeba vitabu, walipenya usiku na mizigo mgongoni. Aliyenaswa alitozwa faini, akafungwa au akapelekwa Siberia. Shule nazo zikahamia majumbani: mama anasokota uzi, mtoto kando yake anasoma kwa sauti.

Marufuku iliondolewa 1904, Urusi ikiwa vitani na Japani. Ilikuwa imedumu miaka karibu 40, na bado mkoa wa Kaunas ulikuwa na wasomaji wengi kuliko wastani wa dola zima. Kwa maoni yangu, isingekuwapo amri ile, wengi wao wangegeuka Wapolandi wenyewe, polepole, bila kelele.

Jambo moja la kukufaa ukiwa maktaba. Wachapaji wa Tilsit walikuwa wakiandika kwenye jalada "Vilnius", jina la kiwanda cha uchapaji cha Zawadzki cha mji huo, na mwaka wa kabla ya marufuku, ili askari akidhani ni kitabu cha zamani akiachie. Basi ukikuta kitabu cha sala cha Kilithuania cha 1863 au 1864, chunguza kwanza karatasi na chapa ndipo uuamini mwaka huo.

Wako,
Idi